Anza na Mgongo

Lubum kuna mtaa inaitwa Kenya. Hiyo ni jina ya ukweli, komyuni nzima ndani ya jiji la Lubumbashi, majirani na Kamalondo na Katuba. Siku dere wa teksi aliniambia "tunapitia ku Kenya", nikaskia nyumbani kwa sekunde kadhaa, alafu nikakumbuka niko Haut-Katanga huko Kongo, mbali na Nai ile mbaya, na kesho yake ni harusi ya beshte yangu.

Beshte alikuwa amepata manzi wa Lubum, na mimi nilikuwa kwa laini ya maboy wa bwana harusi. Suti ya bluu, ndula nyeusi, shati nyeupe ya mkono wa kukunja, ile iko na matundu tu bila kifungo hata moja. Kaflinki nilinunua Nai, duka flani tao, zinawaka hadi unajiona ndani. Ijumaa saa kumi nikajaribu pamba yote mbele ya kioo. Mkono wa kushoto ikashika fiti. Mkono wa kulia, nikageuza ile kijiti ya nyuma, ikalia tak, ikalegea. Nikainua mkono, kaflinki ikatoka, ikadunda kwa simiti, ikaingia chini ya kitanda.

Nikaiokota nikaicheki. Sura ilikuwa bado inawaka. Mgongo ndio ilikuwa imekufa.

Hiyo mgongo ndio nataka tuongee. Sai masee mob mtaani wanapiga luku ya suti: gradu, harusi, intavyu, video. Tunajua kuchagua suti, tunajua kuchagua ndula, lakini tukifika kwa hii kitu ndogo ya mkono tunanunua sura. Lubum ilinifunza kuisoma kuanzia nyuma.

Iingie nyembamba, ikae nene

Ndugu ya bibi harusi, kijana mdogo kwangu kidogo, alinipata nimekaa na hiyo chuma kwa kiganja. "Yaya, butoni ya manshete yako imekufa?" Huko yaya ni mkubwa wako, kaka ama dada. Kaflinki ni butoni ya manshete, shati ni shimizi, tai ni kravati. Kifaransa imeingia kwa Kiswahili yao vile Kizungu imeingia kwa Sheng yetu, na tulielewana bila stress.

Akanipeleka kwa mzae mmoja anaunda vitu za shaba na malakiti. Lubum ukitembea tao, hasa karibu na hoteli, utapata masee wamepanga meza ya malakiti: yai, tembo, sahani za kuwekea majivu, shanga, bodi za chesi, zote za kijani yenye mistari. Kando yake picha za shaba iliyogongwa na nyundo mpaka ikatoa uso ya mtu ama kijiji. Huyu mzae alikuwa na benchi ndogo nyuma ya nyumba, mota ya kusagia mawe, koleo, na nyundo za saizi tofauti. Tukamwamkia kwa heshima, tukamwita Papa, akatuita watoto yake.

Alichukua kaflinki yangu, sura hakuicheki hata kidogo. Akaigeuza.

"Miye nitakuambia kintu moya," akasema. "Sura inadanganyaka. Anza ku mugongo."

Alafu akaomba shati. Hapo ndio nilielewa kitu nimekuwa nikivaa bila kuelewa. Shati ya kawaida, mkono inapishana, upande moja inalala juu ya nyingine na kifungo imeshonwa hapo. Shati ya kaflinki iko na kafu ya urefu mara mbili. Unaikunja kurudi nyuma, so kila upande inakuwa tabaka mbili. Pande mbili zikikutana ni tabaka nne, matundu nne kwa laini moja. Na hazipishani. Zinakutana ndani kwa ndani, kama viganja vya mtu anaomba, ncha zikiangalia nje.

Sasa fikiria kazi ya hiyo chuma. Kifungo ya kawaida imeshikwa na uzi. Kaflinki haijashonwa popote. Inabebwa na umbo lake peke yake. Lazima ipite kwa tundu nne nyembamba, na ikishapita isirudi. Iingie ikiwa nyembamba, ikae ikiwa nene. Kila mgongo ya kaflinki umewahi kuona ni jibu ya hilo swali moja.

Familia ya migongo

Yangu ilikuwa ile ya risasi, ndio imejaa sana madukani. Kutoka kwa sura kunatoka mhimili wenye miguu mbili. Katikati ya hiyo miguu kuna kipande kirefu, umbo ya risasi, kinazunguka. Ukikilaza sambamba na mhimili, kaflinki yote inakuwa kijiti, inapita. Ukikigeuza, kinakuwa kama herufi T, kinakataa kurudi. Kitu inakishikilia hapo ni springi ya bapa, nyembamba kama ukucha, imejificha ndani. Mwisho wa risasi imekatwa kona, na springi inabonyeza hiyo kona. Ndio maana ukigeuza unaskia tak: ni kona imepita juu ya springi, ikatulia kwa upande wake bapa. Bila hiyo tak hakuna kufuli.

Papa akafungua yangu na koleo. Springi ilikuwa ya bati laini. Imepinda mara kadhaa, ikachoka, ikabaki imelala. "Resori imechoka," akasema, akaweka kando pole pole, kama daktari.

Binamu ya risasi ni mkia wa nyangumi. Hii iko na mhimili moja mnene, na mwisho wake ni bapa pana inageuka kama mkia wa samaki. Raha yake ni mbili: mhimili ni moja so ina nguvu zaidi, na mkia ni pana so tundu ikiwa imetanuka bado inashika. Lakini ndani kuna springi pia, so swali ni ile ile: springi ni ya nini?

Alafu kuna ile haina kitu kinasonga. Chuma moja kutoka mbele hadi nyuma: sura kubwa, shingo, kichwa kidogo. Unaingiza kichwa kidogo kwa nguvu kiasi, kama kuvalisha mtoto soksi. Haina springi, haina pini, so hakuna kitu ya kuvunjika. Wazee wanaipenda kwa sababu inarithiwa. Ubaya wake, inakula tundu za shati ukiwa na haraka.

Kuna ya kubofya, nusu mbili zinakutana kama kifungo cha jaketi. Hiyo Marekani iliwasha sana miaka ya 1920, kampuni ya Baer & Wilde ya Attleboro, Massachusetts, wakaiita Kum-a-part. Kila nusu ilikaa kwa upande wake wa kafu, mtu akitaka kukunja mkono anavuta tu, zinaachana.

Kuna ya uzi, mafundo mbili ya hariri zimeunganishwa na kamba ya kuvutika. Hiyo ilitoka kwa Charvet, washonaji wa mashati wa Paris, mwaka wa 1904. Ni bei rahisi, ni laini, na ukiwa umechoka na chuma inakubamba.

Na kuna babu yao wote: mnyororo. Karne ya 17 huko Ulaya masee walikuwa wanafunga kafu na utepe, kisha wakaanza kuunganisha vifungo mbili na mnyororo mfupi. Kifungo moja huku, kingine kule, pete ndogo katikati. Hakuna mgongo. Kuna sura mbili.

Hapo Papa alinyamaza kidogo, akaniangalia mkono, akasema, "Tutakufanyia hii."

Shaba ikiwa jina, mkono ikiwa tupu

Wakati anawasha jiko lake ya mkaa, nilimuuliza kama alikuwa anaunda butoni za manshete tangu kitambo. Akasema hapana. Ujana wake hakuna mtu alikuwa anazihitaji.

Hii stori inafaa kila msee wa pamba aijue. Kutoka 1972 hadi 1990, Kongo ikiitwa Zaire chini ya Rais Mobutu, suti ya kizungu na tai zilipigwa marufuku. Mwanaume alifaa kuvaa abakosti, koti isiyo na shati ndani na isiyo na tai. Jina yenyewe inatoka kwa maneno ya Kifaransa ya kusema suti ianguke. Sasa cheki: bila shati ya kukunja hakuna kafu, bila kafu hakuna kaflinki. Kitu nzima ilitoka kwa mkono ya wanaume wa nchi kubwa kama hiyo kwa karibu miaka 18.

Na hapo ndio inauma. Kutoka 1971 hadi 1997, hii mkoa haikuitwa Katanga. Iliitwa Shaba. Kiswahili chetu wenyewe, kwa ramani ya dunia, mkoa unaitwa Shaba. Chini kuna shaba, juu kwa kibao kuna shaba, treni zinabeba shaba, na mwanaume wa Shaba hakuwa na mahali pa kuweka hata gramu moja ya shaba kwa mkono wa shati.

Kuna masee walikataa. Mwanamuziki Papa Wemba, mwana wa Lubefu huko Kasai, alisimama na suti na ndula za bei wakati hiyo ilikuwa kujitafutia noma, na vijana wa Kinshasa wakamfuata. Hiyo ndio Sape, ile mambo ya masee wa pamba kali, watu wanachora sai kwa picha na filamu. Kinshasa na Brazzaville ndio mama wa Sape, hiyo Lubum yenyewe inakubali. Lakini Papa wangu wa benchi aliniambia sheria ilipolegea 1990, mtu wa kwanza kumletea kazi ya butoni za manshete alikuwa mzae aliyekuwa ameficha suti yake ya ndoa kwa sanduku miaka hiyo yote. Shati ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Suti ilikuwa imebana. Butoni zilikuwa zimepotea. Alitaka butoni kwanza.

Nyundo na moto

Shaba nilikuwa naijua kwa waya. Sikuwahi kuiona ikiundwa kitu ya kuvaa.

Papa alikata vipande vya duara kutoka kwa bapa nyembamba. Akaanza kuvigonga kwa shimo la gogo ili viwe na tumbo kama kijiko. Baada ya kugonga kiasi, shaba inakataa. Inakuwa ngumu, ukilazimisha inapasuka. Hapo anaitia kwa makaa mpaka iwe nyekundu, anaitumbukiza kwa maji, inatoka laini tena kama mwanzo. Anagonga, inakauka, anapasha, inalegea. Alirudia mara tatu kwa kila kipande.

"Mukuba njo vile," akasema. Mukuba ndio jina yao ya shaba. "Ukiipiga inakuwa nguvu. Ukiitia mu moto inasahau."

Hiyo ndio sababu shaba tupu haiwezi kuwa springi nzuri. Ukiipinda inabaki imepinda. Springi ya ukweli ya kaflinki ni ya chuma cha pua ama ya shaba iliyochanganywa na bati na fosforasi kidogo. Hiyo mchanganyiko inapinda na kurudi, inapinda na kurudi, miaka. Ukinunua kaflinki ya risasi, geuza mgongo mara kumi ukiwa hapo dukani. Tak ya kwanza na tak ya kumi ziwe sauti moja. Ikianza kulia vizuri na kumaliza ikinong'ona, rudisha.

Shaba yenyewe si kitu kidogo huko. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa 1906, jiji likaanzishwa 1910 likiitwa Élisabethville, na mwaka wa 1911 tanuru ya Lubumbashi ikamwaga shaba ya kwanza. Dohani yake bado imesimama juu ya paa za mji, zaidi ya mita 150, na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya tanuru. Lubum iliitwa Lubumbashi 1966, lakini hizo mbili, dohani na mlima mweusi, ndio mtoto wa huko anachora ukimwambia achore nyumbani. Na miaka hizi za karibuni Kongo imepita Peru kwa kuchimba shaba, imekuwa namba mbili duniani nyuma ya Chile. Simu uko nayo mkononi, waya wa ukuta, mota ya fani: kuna uwezekano poa sana kuna kipande ya Katanga imelala ndani, kimya, ikifanya wera. Hiyo ndio mgongo. Dunia inanunua sura ya simu.

Kabla ya hiyo kampuni yote, hii ardhi ilikuwa inayeyusha shaba yake. Walikuwa wanaimwaga kwa umbo la msalaba, mikono minne karibu sawa, na hiyo msalaba ikawa pesa. Zimepatikana kwa makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, zimewekwa na wafu. Papa alitoa kwa droo sarafu moja ya Katanga ya 1961, wakati mkoa ulikuwa umejitenga: upande moja ndizi, upande mwingine ile msalaba. Akaiweka kando ya kazi yake kama mfano, akachukua patasi ndogo, akachora msalaba kama huo kwa vikombe mbili vya shaba.

Ndimu ni dawa, ndimu ni sumu

Kwa vikombe vile vingine mbili aliweka malakiti. Alikuwa na vipande tayari vimekatwa, saizi ya shilingi, kijani iliyokolea na kijani nyepesi zikifuatana kama miduara ya mti. Malakiti ni shaba pia. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, imeshikana na kaboni na maji kwa ardhi mpaka ikawa jiwe. Lakini ni jiwe mpole. Kisu ya chuma inaichora. Ndio maana fundi mzuri anaikalisha chini kidogo ya ukingo wa kikombe, ili ukigonga meza, chuma iumie kwanza.

Na anaisaga kwa maji. Vumbi ya malakiti ni sumu kwa mapafu. Papa alikuwa na chupa inadondoa maji kwa jiwe la kusagia, na kitambaa kwa pua. Ukiona msee anasaga ikiwa kavu, vumbi ya kijani hewani, mwambie.

Sasa sikiza hii, ju itakuokolea doo. Shaba ikiwa nyeusi, kila mathe anajua dawa: ndimu na chumvi, sugua, inarudi kuwaka. Lakini ndimu ikigusa malakiti inaila. Asidi inachemsha lile jiwe, unapoteza ng'aro, unabaki na uso kama chokaa. So kaflinki yenye zote mbili haioshwi na ndimu kamwe. Kitambaa laini, maji kidogo, kausha, basi. Usiweke perfyumu ukiwa umeshaivaa. Na upande unaogusa kitambaa, mwambie fundi apake vanishi ama nta, kwa sababu shaba na jasho zinaacha alama ya kijani, na shati nyeupe haisahau.

Mkono wa mwingine

Usiku saa tatu zilikuwa tayari. Mbili za malakiti za kuangalia nje, mbili za shaba yenye msalaba za kuangalia ndani, kila jozi imeunganishwa na mnyororo wa pete tatu. Papa alipima mnyororo kwa shati yangu mwenyewe. Ukiwa mrefu, kafu inafunguka mdomo. Ukiwa mfupi, inakunja kitambaa. Yangu ilitoka kama sentimita mbili, kafu zikabusiana sawasawa.

Jumamosi asubuhi nikagundua kitu hakuniambia. Kaflinki ya mnyororo huwezi kujivalisha vizuri. Ya risasi unaweza na mkono moja, ukizoea. Hii inataka vidole viwili vya mtu mwingine vipitishe kikombe kidogo, kimoja baada ya kingine, tundu nne, pole pole. Nilisimama katikati ya chumba na mikono imenyooshwa, kafu zimefunguka.

Bwana harusi alikuwa ameshavaa yote. Akaniona, akaja. Akaanza na mkono wa kulia. Hatukuongea. Nilimjua huyu jamaa tangu tukiwa na kaptula, tukishare ndula moja ya mpira, na sijawahi kukaa na yeye karibu hivyo kwa utulivu hivyo. Alipomaliza akavuta mkono wa koti yangu chini, akaacha kafu itokee kidogo, sentimita moja hivi, vile inafaa.

Kanisani watu walinishika mkono wakaona kijani, wengine wakauliza nimenunua wapi, nikawaambia hapa kwenu. Wakati wa chakula niliinua glasi, na kafu ikageuka kunielekea. Msalaba ulikuwa pale, shaba nyekundu, alama za patasi bado zinahesabika. Upande wa kijani ni wa watu. Huu upande Papa aliutengeneza kwa uangalifu ule ule, na ni mimi peke yangu nilikuwa nauona.